Klachi Isiyotakiwa Kusikika

Gari la otomatiki likishatoka kwenye foleni na kutulia barabarani kwa mwendo wa kilomita 70 au 80 kwa saa, ndani ya giaboksi yake kuna klachi moja inayofunga. Haionekani, haina pedali, na ikifanya kazi sawasawa dereva hatajua kama imefunga au imefungua. Imo ndani ya konveta, lile dude la duara lililojaa oili linalokaa kati ya injini na gia, na kazi yake ni kuunganisha kwa chuma vitu viwili ambavyo hadi hapo vilikuwa vikisukumana kwa oili tu. Ikigoma kufunga, gari hunywa mafuta na oili ya giaboksi hupata joto kupita kiasi. Ikigoma kufungua, injini huzimika gari linaposimama kwenye taa. Ikifunga nusunusu, gari zima hutetemeka kama linapita juu ya matuta madogo ya barabarani, hali ya kuwa lami ni safi. Mafundi wanaogusa giaboksi za otomatiki wanazijua dalili hizi tatu, wawe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi. Hata hivyo ni kawaida kuona giaboksi nzima ikishushwa kwa hitilafu iliyokuwa nje yake.

Sababu inayotajwa ni kwamba kifaa chenyewe ni kigumu kueleweka. Siikubali. Katika umbo lake la kawaida, klachi ya konveta ni sahani moja ya chuma yenye bitana ya msuguano, inayosukumwa na oili hadi igandamane na ukuta wa konveta. Ndani ya giaboksi hiyohiyo zimo klachi zenye sahani nyingi zaidi, na fundi anazitambua zikichoka. Ninachoamini ni kwamba ugumu wa kuipima klachi hii umetokana na historia yake. Tangu ilipoingia kwenye gari, kila kizazi cha wahandisi kilipewa agizo lilelile, kwamba abiria asiisikie. Kila walipofanikiwa waliondoa dalili moja ambayo fundi aliitegemea, na chanzo cha hitilafu kikahamia mahali papya: kutoka kwenye sahani hadi kwenye vali, kutoka kwenye vali hadi kwenye waya, kutoka kwenye waya hadi kwenye oili yenyewe. Fundi asiyejua gari lililo mbele yake linasimama wapi katika mfuatano huo atatafuta ugonjwa wa mwaka 1978 ndani ya giaboksi ya mwaka 2005.

Konveta haikubuniwa kwa ajili ya gari. Mwaka 1905 mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, mji ambao leo ni Szczecin nchini Poland, alisajili hataza ya mtambo wa kupitisha nguvu kwa kimiminika. Tatizo lake lilikuwa la meli: tabo ya mvuke inataka kuzunguka kwa kasi kubwa, na propela inataka kuzunguka polepole. Aliweka pampu na tabo ndani ya boma moja, pampu ikitupa kimiminika kwa nguvu na tabo ikipokea msukumo wake, na kati yao mapezi yaliyosimama yanayogeuza mkondo kabla haujarudi kwenye pampu. Mapezi hayo yasiyozunguka ndiyo yanayoruhusu nguvu ya msokoto inayotoka iwe kubwa kuliko iliyoingia. Konveta ya gari la leo, gari likianza kuondoka, huweza kuzidisha msokoto wa injini kwa karibu mara mbili. Faida hiyo ina deni ambalo halijawahi kufutwa. Ili kimiminika kisukume, lazima pampu izunguke haraka kuliko tabo, kwa sababu zikilingana msukumo unakwisha. Tofauti hiyo ni nguvu inayopotea na kuwa joto, hata gari likiwa tambarare kwenye mwendo usiobadilika. Klachi ya kufungia ilikuja kulipa deni hilo, na kila uamuzi uliofanywa juu yake tangu hapo umekuwa uamuzi wa lini inafaa kuacha ulaini wa oili na kuchukua uhakika wa chuma.

Katika magari ya abiria uamuzi huo ulifanywa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Buick iliingiza Dynaflow kwenye magari yake ya mwaka 1948, na wanunuzi wakaipenda kwa sababu haikubadilisha gia wakati wa kwenda. Injini ilivuma, gari likasogea, mshtuko hakuna. Gharama yake ilikuwa kuteleza muda wote. Packard, kampuni ya magari ya kifahari ya Detroit iliyokuwa ikitimiza miaka 50, ilileta jibu lake mwaka 1949. Giaboksi yake ya Ultramatic, iliyobuniwa na kundi la wahandisi akiwemo Forest McFarland, ilikuwa na konveta na pia klachi iliyoifunga konveta hiyo gari lilipopata mwendo, ili injini iendeshe magurudumu moja kwa moja. Studebaker ikafuata mwaka 1950 na giaboksi iliyotengenezwa kwa kushirikiana na Borg-Warner, nayo ikiwa na klachi ya aina hiyo. Katika magari haya kufunga kulihisiwa. Gari lilishtuka kidogo, sauti ya injini ikashuka, na mtu mwenye sikio zuri alijua papo hapo kama klachi imefunga, imechelewa au inateleza. Amri yote ilitoka kwenye oili na fimbo za chuma, kulingana na mwendo wa gari na jinsi dereva alivyokanyaga mafuta. Kwa upande wa upimaji, huo ulikuwa wakati rahisi kuliko wote uliofuata.

Klachi hiyo haikuondolewa kwa kuwa ilishindwa kazi. Petroli ilikuwa rahisi Marekani, ulaini wa Buick uliuza magari zaidi kuliko uangalifu wa Packard, na klachi ya ziada iliongeza gharama. Studebaker iliacha giaboksi yake katikati ya miaka ya 1950 ikachukua ya bei nafuu zaidi, na Ultramatic ikafa pamoja na magari halisi ya Packard ya Detroit mwaka 1956. Kwa zaidi ya miaka 20 iliyofuata, kizazi kizima cha mafundi wa giaboksi kilijifunza kazi bila kuiona klachi ndani ya konveta. Naona pengo hilo lina uzito kuliko linavyopewa, maana kifaa kiliporudi kilikutana na watu ambao uzoefu wao wote uliwaambia kwamba konveta ni kitu cha oili tu, na kwamba gari likitikisika kwenye mwendo mkubwa tatizo liko kwenye injini au kwenye shafti.

Kilichoirudisha ni siasa ya mafuta. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliiwekea Marekani vikwazo, bei ikapaa, na Desemba 1975 ikapitishwa sheria ya nishati iliyotaka magari ya abiria ya kila kampuni yafikie wastani wa maili 18 kwa galoni katika magari ya mwaka 1978 na maili 27.5 kufikia mwaka 1985, yaani kutoka kama kilomita 7.7 hadi 11.7 kwa lita. Asilimia chache zilizokuwa zikipotea ndani ya konveta zikawa kitu cha kupiganiwa. Chrysler iliweka klachi ya kufungia kwenye giaboksi zake za TorqueFlite za mwaka 1978. Ilifunga kwenye gia ya tatu tu, kwa amri ya vali za oili, bila waya hata mmoja. Wateja waliihisi kama gia ya ziada, na malalamiko ya mtetemo yakaanza. Hapo ndipo pengo la miaka 20 lilipoonekana: dalili ilikuwa wazi chini ya kiti, lakini maelezo yake hayakuwemo vichwani mwa wengi waliopelekewa gari.

General Motors ilichukua njia nyingine. Kwenye giaboksi zake za mwaka 1980 klachi ya konveta iliamriwa kwa umeme: solenoidi ndogo ilifungua au kuziba njia ya oili, na umeme wake ulipitia kwenye swichi ya pedali ya breki. Hilo lilikuwa jambo la usalama, kwa sababu dereva akisimama ghafla klachi ikiwa imefunga, magurudumu huisimamisha injini pamoja nayo. Bila kukusudia, wahandisi waliwapa mafundi kipimo ambacho sidhani kimepata mpinzani hadi leo. Gari likishapata joto lake, liendeshwe kwa mwendo usiobadilika, mguu wa kulia ubaki palepale kwenye mafuta, na mguu wa kushoto uguse breki kidogo, kiasi cha kuwasha taa za nyuma bila kupunguza mwendo. Mshale wa mizunguko ya injini ukipanda kwa 200 au zaidi kisha ukashuka breki inapoachiwa, klachi ilikuwa imefunga, ikafungua, ikafunga tena. Mshale usiposogea, ama klachi haikuwa imefunga tangu mwanzo ama haifunguki. Katika miaka hiyohiyo ikatokea kasoro iliyofahamika sana katika gereji za Marekani. Gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, lenye giaboksi ya 125C, lilitoka barabara kuu likaingia mjini, na kila liliposimama injini ikazimika. Mtu aliyeanza na kabureta aliweza kupoteza siku nzima. Aliyejua njia ya umeme ule alichomoa plagi ya waya ubavuni mwa giaboksi na kulijaribu tena. Kuzimika kukiisha, solenoidi iliyokuwa ikikwama imepatikana, na konveta haina kosa.

Wajapani walikwenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Toyota iliweka kompyuta iongoze giaboksi, na klachi ya konveta ikawa inasubiri ruhusa kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja: mwendo wa gari, ufunguzi wa mafuta, joto la maji ya injini, swichi ya breki. Mojawapo likikosekana, haifungi. Katika Toyota nyingi za miaka ile na ya 1990, fundi aliunganisha nukta mbili kwenye soketi ya uchunguzi na taa ya O/D OFF ikamweleza hitilafu kwa kuwaka na kuzimika. Kodi 64, yaani namba ya hitilafu inayotolewa na kompyuta, ilihusu solenoidi ya kufungia. Kodi hiyo ilisema kweli, lakini ilisema jambo dogo sana: kwamba mzunguko wa umeme wa solenoidi umekatika au umegusana. Solenoidi nzuri ya giaboksi hizo husoma omu 11 hadi 15. Solenoidi inaweza kusoma omu 13, taa ikanyamaza, na bado vali iliyo mbele yake imekwama kwa uchafu, au sahani imeungua, au kompyuta haijatoa amri kwa sababu inaamini injini bado ya baridi. Tangu hapo fundi alikuwa na kauli mbili mkononi, ya gari na ya kompyuta, na hazikulazimika kukubaliana.

Hatua iliyobadilisha kila kitu ilifuata katika miaka ya 1990. Hadi wakati huo klachi ilikuwa na hali mbili, wazi au imefungwa, na kuteleza kulikuwa ugonjwa. Wahandisi wakaamua kuifanya iteleze makusudi, mizunguko michache kwa dakika, ikiwa imekaribia kufunga lakini haijafunga kabisa, ili mapigo ya injini yasipite hadi kwenye bodi na uokoaji wa mafuta uanze kwenye mwendo mdogo. Amri ikawa ya kupigapiga: solenoidi inawaka na kuzima mara nyingi kwa sekunde ili kudhibiti shinikizo. General Motors iliingiza amri ya namna hiyo mwaka 1995 kwenye 4L60-E, giaboksi iliyokuwa chini ya malori madogo na magari makubwa mengi ya Marekani. Kufunga kukawa laini sana. Lakini vali iliyokuwa ikisogea mara chache kwa safari sasa ilitikisika muda wote ndani ya tundu lake la alumini, na tundu likalika. Oili ikavuja pembeni ya vali, shinikizo likapungua, klachi ikateleza kupita kiasi, na kompyuta ikatoa kodi P1870. Konveta zilibadilishwa na kodi ikarudi, kwa kuwa mahali palipolika palikuwa kwenye vali bodi, yaani boma la vali za oili ndani ya giaboksi. Tiba iliyokuja kuaminika ni kulipanua tundu kwa usahihi na kuweka vali kubwa zaidi au bushi. Kisa hiki ndicho ushahidi wangu mkubwa kuliko vyote. Juhudi ya kumwondolea abiria mshtuko mmoja ilizaa hitilafu mpya, ikaiweka mbali na mahali dalili inapoonekana, na kodi iliyoandikwa kuitangaza ilitaja kuteleza bila kutaja tundu.

Kuteleza kwa makusudi kuliingiza pia oili kwenye orodha ya washukiwa. Sahani inayosuguana polepole na ukuta wa konveta hutulia tu ikiwa msuguano unaongezeka kadiri kuteleza kunavyoongezeka. Ikiwa ni kinyume chake, sahani hukamata, huachia, hukamata tena, mara nyingi kwa sekunde, na huo ndio mtetemo. Kinachoamua ni viungo vichache vya kemikali ndani ya oili, na viungo hivyo huchakaa kwa joto. Mafuta ya nyangumi yalifanya kazi ya aina hiyo katika oili za giaboksi za Marekani hadi nyangumi waliotoa mafuta hayo walipowekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1970, na wanakemia wakalazimika kutafuta mbadala. Japani ilikwenda hadi kuweka kipimo rasmi cha uwezo wa oili kuzuia mtetemo, JASO M349, mwaka 1998. Nchi haitungi kipimo kama hicho kwa jambo dogo. Maana yake kwa gereji ni kwamba gari lililoanza kutetemeka linaweza kupona kwa kubadilishiwa oili sahihi, bitana ikiwa bado haijaungua, na kwamba gari lisilo na kasoro linaweza kuanza kutetemeka kwa kutiwa oili nyekundu ya bei nafuu iliyoandikwa kwamba inafaa kila giaboksi.

Kuna mkanganyiko mmoja ambao hata kipimo cha breki hakiutatui, nao unastahili kuangaliwa kwa utulivu. Injini inayomisi kidogo, kwa plagi iliyochoka au koili iliyoanza kupasuka, huweza kwenda bila kulalamika konveta ikiwa wazi, kwa sababu oili inameza mapigo yake. Klachi ikifunga, mapigo yote yanafika kwenye bodi. Dereva anahisi mtetemo kwenye kilomita 70 kwa saa, fundi anagusa breki, mtetemo unaondoka, na hukumu inatolewa kwamba konveta imekufa. Hukumu hiyo haina msingi, kwa sababu kufungua klachi kunaficha kasoro za injini sawasawa na kunavyoondoa kasoro za klachi. Kinachotenganisha ni mzigo. Iendeshe injini kwenye mlima klachi ikiwa wazi, kwa mafuta mengi na mizunguko michache, na kama mashine ya kupimia inaonyesha hesabu ya kumisi kwa kila silinda, isomwe wakati huohuo. Injini inayomisi itajitaja. Klachi yenye mtetemo itanyamaza, na kwenye mashine tofauti kati ya mizunguko ya injini na ya tabo itaonekana ikipanda na kushuka pale tu klachi inapokaribia kufunga. Kubadilisha plagi na koili ni kazi ya saa moja. Kushusha giaboksi ni kazi ya siku, na gharama yake inajulikana kwa kila aliyewahi kuilipa.

Mambo haya yote yalifika Afrika Mashariki yakiwa yamefungashwa pamoja. Magari ya mitumba kutoka Japani yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam mengi ni ya otomatiki. Kenya huruhusu yasiyozidi miaka 8, na Tanzania huruhusu ya zamani zaidi kwa ushuru wa ziada. Gari la namna hiyo linafika na oili ambayo umri wake haujulikani, bila kitabu cha huduma kinachosomeka na aliyelinunua, kisha linakutana na desturi moja ya gereji zetu inayogusa klachi hii moja kwa moja, nayo ni kuondoa thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye radieta hadi injini ipate joto. Desturi hiyo ina sababu yake. Thamostati iliyokwama huua injini, nchi ni ya joto, na kuiondoa kunaonekana kuwa tahadhari. Lakini kompyuta inayosubiri maji yafikie joto fulani kabla ya kuruhusu klachi ifunge itaendelea kusubiri. Katika barabara ya Limuru asubuhi, au Njombe mwezi wa Julai, upepo ukipita kwenye radieta na maji yakizunguka bila kizuizi, ruhusa huchelewa au haiji. Mwenye gari analalamika kwamba linakula mafuta na injini inavuma sana kwenye barabara kuu. Giaboksi inafanya kazi kama ilivyoagizwa, na hakuna kodi itakayowaka, maana hakuna sehemu iliyovunjika. Swichi ya taa za breki iliyolegea huleta dalili hiyohiyo, na kuigundua kunahitaji mtu mmoja tu asimame nyuma ya gari.

Mtu anaweza kunijibu kwamba mashine za kupimia zimemaliza mjadala, na kwamba anayezungumzia Packard na mguu wa kushoto anarudisha nyuma kazi iliyokwisha kurahisishwa. Jibu hilo lina ukweli ambao siukatai. Tangu OBD-II, mfumo wa kompyuta ya gari kujichunguza, ulipolazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka 1996, kodi za klachi ya konveta zimekuwa na majina ya pamoja, kutoka P0740 hadi P0744, na mashine nzuri inaonyesha mtelezo kwa tarakimu, jambo ambalo sikio halikuweza kamwe. Katika giaboksi zenye mtelezo wa makusudi tarakimu hizo ni za lazima, kwa kuwa mwili wa mtu hauwezi kutofautisha mizunguko 20 na 60 kwa dakika. Lakini tuangalie P0741 inavyopatikana. Kompyuta imetoa amri ya kufunga, ikalinganisha mizunguko ya injini na ya tabo, ikakuta tofauti kubwa kuliko inayoruhusiwa. Basi. Haikuona sahani, vali wala oili. Anayesoma kodi hiyo na kuagiza konveta amechagua chanzo kimoja kati ya vinne au vitano bila ushahidi wa kuvitenganisha. Mashine imetuongezea jicho, na bado anayejua kwamba 4L60-E hulika tundu la vali, kwamba 125C hukwama solenoidi na kwamba mtelezo wa makusudi hutegemea kemia ya oili ndiye anayejua jicho hilo lielekezwe wapi. Hahitaji kulijua jina la Föttinger. Anahitaji kujua wahandisi wa giaboksi iliyo mbele yake waliamua nini.

Pingamizi zito zaidi linatoka sokoni. Giaboksi iliyotumika kutoka Japani inapatikana Kariakoo jijini Dar es Salaam au Industrial Area jijini Nairobi, inafungwa kwa siku moja, na mteja anaondoka. Kwa nini apoteze muda na vipimo? Nakubali kwamba kuna hali ambapo kubadilisha ndiyo njia ya haki. Konveta imechomelewa pande zote. Kuitengeneza ni kuikata kwenye mashine ya kerezo, kubadilisha bitana, kuichomelea upya na kuipima mizani, na karakana zenye vifaa hivyo ni chache kwetu. Bitana ikishaungua na vumbi lake kusambaa kwenye vali bodi na kwenye kipoza oili, kuosha peke yake hakutoshi. Hata hivyo mwenye kubadilisha bila kupima anaweka giaboksi nyingine kwenye mazingira yaleyale: kipoza chenye vumbi la ile ya kwanza, waya uleule uliopasuka, swichi ileile, injini ileile isiyo na thamostati. Na giaboksi aliyoinunua nayo ina klachi ya konveta iliyofanya kazi miaka 8 au 10, yenye oili ambayo hakuna aliyeiona. Vipimo ninavyovitetea havichukui hata nusu siku: taa za breki, joto la maji, rangi na harufu ya oili, kugusa breki barabarani, kusoma mtelezo, kisha omu za solenoidi. Nimevipanga hivyo kwa sababu kila kimoja ni rahisi kuliko kinachofuata na kinaweza kumwokoa mteja asifike kwenye kinachofuata.

Sura mpya ya historia hii imekwisha kuingia bandarini. Mazda CX-5, Axela na Demio zinazoonekana kila siku Nairobi na Dar es Salaam, nyingi zikiwa na giaboksi ya Skyactiv-Drive, zinatumia konveta ndogo kwa kuondokea tu. Mwendo ukishaanza, klachi yenye sahani kadhaa inafunga mapema sana na inabaki imefunga katika gia zote. Agizo la kutosikika limetimizwa karibu lote, na jaribio la breki lililofaa kwa klachi iliyofunga mara moja kwenye mwendo mkubwa halitoshi hapa. Giaboksi hizo zinataka oili nyepesi ya aina yake, ATF FZ, yenye rangi ya buluu, na fundi akikuta oili nyekundu kwenye moja yao ameshapata jibu la kwanza kabla ya kuchomeka mashine. Kitu kinachohitajika katika gereji zinazozipokea ni mashine inayoonyesha mtelezo gari likiwa barabarani, si kodi peke yake, pamoja na daftari linaloandikwa oili ya aina gani ilitiwa, lini, na gari likiwa limetembea kilomita ngapi.